Moshi Nao Unataka Mlango

Wadogo zangu, kipupwe ndicho hicho kimeingia. Kwetu upande wa Hanang ukungu unashuka mlimani mapema, na maji ya tenki alfajiri unayanawa kwa kuyachungulia kwanza. Msimu huu barua zenu zinafanana: blanketi, kuni mbichi, mafua ya watoto. Lakini ipo moja iliyonifanya niache chai yangu ipoe. Imetoka Gitting, huku huku Hanang, na mwenyewe ameniruhusu niisome mbele yenu bila kumtaja.

“Dada, shikamoo. Nyumba yetu imekwisha na tumeshahamia. Mume wangu amenunua Arusha hita ya maji ya gesi, ile ya kutundika ukutani, ya lita 6 kwa dakika. Mama mkwe anakaa nasi, na nina mtoto wa miezi mitatu, kwa hiyo maji ya moto ni lazima. Fundi anasema ataifunga bafuni juu ya mlango, mtungi ukae pale pale kwenye kona, na kwamba hii ndogo haina haja ya bomba la moshi. Swali langu ni hili: tubandike vigae kabla ya kufunga hita, au baada?”

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa nyumba. Swali la vigae nitalijibu, nakuahidi, ila litakuwa la mwisho. Kwanza hiyo hita isifungwe bafuni. Fundi akija kesho mpe chai na maandazi, umwambie kazi inasubiri mpaka dada amalize kusema.

Nyote mnaijua habari ya jiko la mkaa. Kila mwaka baridi ikikaza, redio inatangaza watu walioingiza jiko chumbani ili wapate joto, wakafunga mlango na dirisha, wakalala, asubuhi jirani akabisha hodi bila kuitikiwa. Tukisikia tunasikitika, tunasema “mkaa mbaya.” Kisha tunanunua gesi na kujiona tumevuka, kwa kuwa gesi haitoi moshi mweusi wala haituachii masizi kwenye sufuria. Hapo ndipo tunapoteleza. Kinachoua kwenye jiko la mkaa ni kaboni monoksidi, na hewa hiyo haihitaji mkaa ili izaliwe. Inazaliwa popote moto unapokosa hewa ya kutosha, uwe wa kuni, wa mkaa, wa petroli ya jenereta au wa gesi ya mtungi.

Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kung'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inaendelea kuzunguka kama kawaida, lakini mzigo iliobeba ni mwingine. Wala usichanganye hewa hii na ile gesi ya mtungini. Gesi ya mtungi imetiwa harufu kiwandani makusudi, ile ya kabichi iliyooza, ili ikivuja ujue. Inayotoka baada ya gesi kuungua vibaya haijatiwa chochote. Kwa hiyo fundi anayekuambia “ukisikia harufu utafungua dirisha” amekueleza habari ya hatari moja, na ya pili ameisahau.

Sasa tuje kwenye “hii ndogo.” Ndogo kwa umbo, nakubali, unaweza kuibeba kwapani. Lakini plate moja ya jiko lako la gesi ina nguvu ya kilowati 2 au 3. Hita ya lita 6 kwa dakika inafika kilowati 12 hivi. Kuifunga bafuni ni sawa na kuingiza plate nne au tano, kuziwasha zote mpaka mwisho, kisha kufunga mlango na kuvua nguo.

Tufanye hesabu ya sokoni, haihitaji kalamu. Bafu lako tuseme lina mita 1.5 kwa mita 2, na dari iko mita 2.4 juu. Hewa yote humo ni mita za ujazo 7 na kidogo. Kilo moja ya gesi ikitaka kuungua vizuri inahitaji hewa ya mita za ujazo 12 hivi, na hita yako kwa nguvu zote inakula karibu kilo moja kwa saa. Kwa dakika 10 za kuoga, itakuwa imetumia oksijeni ya karibu robo ya hewa yote bafuni. Moto unaanza kukosa pumzi, rangi ya bluu inageuka njano, na hapo kaboni monoksidi inaanza kumwagika kwa wingi. Mtu wa kwanza anaoga na kutoka akisema maji ni matamu kweli. Anayemfuata anaikuta hewa aliyoiacha mwenzake. Na kwenye nyumba zetu nani anaoga wa pili? Mama mkwe mwenye umri wake, au wewe na mtoto kwenye beseni.

Tena hesabu hiyo ni ya pwani. Sisi tuko juu. Ukifika mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na miinuko ya Hanang na Mbulu inacheza karibu na hapo, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya tano. Ndiyo maana maharage yetu yanachelewa kuiva. Moto nao unahisi hivyo hivyo: hewa inayotosha Kigamboni haitoshi Gitting. Kijitabu kilichomo kwenye boksi kikitaja kimo ambacho hita haipaswi kukivuka, usikitumie kufungia vitumbua. Kisome, na umsomee fundi.

Kuna mtu ataniambia: “Dada, bibi zetu walipika ndani ya tembe maisha yao yote, moto katikati, ndama pembeni, na walizeeka.” Ni kweli walizeeka, ingawa macho na vifua vyao vinaweza kutupa hadithi nyingine. Lakini tembe lilikuwa linapumua, kwenye paa, mlangoni na kwenye matundu ya ukuta. Nyumba yako mpya ina dirisha la alumini lenye mpira pembeni, dari ya jipsamu na mlango uliowekewa ubao chini ili baridi isipite. Umejenga chupa, mdogo wangu, na chupa nzuri. Tumezoea kuambiana kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo dada yako anakuambia kinyume: penye moto wa gesi, acha ufa, tena uuache kwa kipimo.

Mahali pa kwanza pa kufikiria ni nje. Hita itundikwe kwenye ukuta wa nje wa bafu, chini ya paa, na bomba la maji ya moto ndilo litakaloingia ndani. Mtu akioga, moto uwake huko nje na moshi wake upotee na upepo. Uliza dukani ikiwa hita yako ni ya kukaa nje. Kama si ya nje, ijengewe kibanda cha kuikinga na mvua, chenye matundu makubwa juu na chini. Iwe mbali na dirisha, mlango au tundu lolote la hewa. Mimi husema isipungue mita moja na nusu, na kijitabu kikitaka zaidi, fuata kijitabu. Chagua ukuta usiopigwa na upepo. Ninyi mnaoishi chini ya mlima mnajua wenyewe upepo wa Hanang unatokea wapi jioni. Fundi aliyetoka mjini hajui, mwambie.

Halafu tazama juu. Nyumba zetu nyingi zina upenu ulioachwa wazi, na ukiingiza mkono unafika darini. Moshi wa moto unapanda. Ukitundika hita chini ya upenu wa namna hiyo, moshi utaingia darini na kushukia vyumbani kupitia tundu la taa. Ziba upenu kwa mbao sehemu hiyo, au bomba la moshi lipite nje ya ukingo wa bati.

Msidhani kuweka hita nje kunamaliza kazi. Oktoba 2006, katika kisiwa cha Corfu huko Ugiriki, watoto wawili wa Kiingereza, dada na kaka, walikufa wakiwa likizo katika kibanda cha hoteli. Chombo cha gesi cha kuchemshia maji hakikuwa chumbani mwao. Kilikuwa kwenye kijumba cha nje kilichopakana na kibanda chao. Uchunguzi uliofanywa Uingereza, uliohitimishwa mwaka 2015, ulieleza kwamba moshi ulipita kwenye matobo ya ukuta yaliyoachwa mabomba yalipopitishwa, na kwamba kifaa cha usalama ambacho kingezima moto kilikuwa kimefungwa waya ili kisifanye kazi. Tobo la bomba na kipande cha waya. Kwa hiyo fundi akishapitisha bomba la maji ukutani, mwambie azibe pembeni kwa saruji mpaka mwanga usipite. Na hita ikiwa inajizima yenyewe kila mara, asikuambie “hiyo sensa inasumbua, ngoja niikate.” Inapojizima ina jambo inakuambia.

Ikiwa hita lazima ikae ndani, basi iwe ile iliyotengenezwa kuwa na bomba la moshi, na chumba kiwe stoo au korido, kisiwe bafu wala chumba cha kulala. Zipo za aina tatu. Ya kwanza inategemea moshi upande wenyewe kwa kuwa ni wa moto. Ya pili ina feni inayosukuma moshi nje, kwa hiyo inahitaji umeme. Ya tatu imefungwa kabisa: bomba moja ndani ya jingine, linalotoa moshi na linaloleta hewa kutoka nje, kiasi kwamba moto haugusi hewa ya nyumba. Hii ya tatu ndiyo salama kuliko zote za ndani, na bei yake inajieleza. Kama mfuko unaruhusu, usifikirie mara mbili.

Wengi wenu mtapata ile ya kwanza, basi tukae nayo kidogo. Moshi ni kama mzee anayepanda mlima: mpe njia fupi, iliyonyooka, isiyomlazimisha kushuka. Bomba likitoka kwenye hita lipande wima kwanza, angalau sentimita 30, ndipo lipinde. Likilazimika kulala, lilale huku likipanda, sentimita 2 kwa kila mita, lisishuke hata mahali pamoja. Elbo ziwe chache. Unene uwe ule ule wa mdomo wa hita mpaka mwisho. Fundi asipunguze bomba kwa sababu alilo nalo kwenye gari ni jembamba. Liwe la chuma lisiloshika kutu upesi. Bomba la plastiki la maji machafu, lile la PVC, halifai kwa hita hizi. Litalainika, litaachia kwenye maungio, na utalijua siku umechelewa.

Lipite mbali na mbao na jipsamu, sentimita 15 kila upande kwa bomba la bati la tabaka moja, maana linakuwa la moto. Na lifike nje. Nasisitiza kwa sababu nimeona kwa macho yangu: bomba linaingia darini na kuishia humo humo, chini ya bati, fundi ameshalipwa na kuondoka. Kwa mtu aliyesimama sebuleni kazi inapendeza. Kumbe moshi umehamishiwa juu ya vitanda. Panda ngazi ukaangalie, au mtume kijana akapige picha kwa simu. Bomba litoke juu ya bati kwa sentimita 30 au zaidi, livikwe kofia ya kuzuia mvua na upepo, na lisiungane na bomba la jiko la kuni. Kila moto na njia yake.

Moshi ukitoka lazima hewa iingie. Chumba chenye hita kiwe na matundu mawili ya kudumu yanayofika nje, moja karibu na sakafu, jingine karibu na dari. Yawekewe wavu wa panya, lakini yasiwekewe kizibo. Najua Julai ikifika mtu atachukua tambara ayazibe. Andika ukutani, weka marufuku kama ile ya kugusa sukari ya wageni. Na kama una feni ya kuvuta hewa jikoni, usiiwashe wakati hita inafanya kazi chumba cha jirani. Inaweza kuunyonya moshi ukarudi ndani kupitia bomba ulilolijenga kwa gharama.

Mtungi nao usikae bafuni. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka na kutambaa sakafuni kama maji, inatafuta shimo au mfereji. Uwe nje, umesimama wima, kwenye kivuli, mbali na karo na mashimo. Kila unapobadilisha, paka povu la sabuni kwenye regulata na maungio ya mpira. Vipovu vikitokea, funga. Na mjue matumizi: mtungi wa kilo 6, ule uliosambazwa vijijini kwa bei ya ruzuku ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), utaendesha hita hiyo kwa nguvu zote kama saa sita na nusu. Watu wanne wakioga dakika kumi kumi kila siku, siku ya kumi mnatafuta duka. Mitungi ile imeletwa kwa ajili ya kupikia; taifa limejiwekea lengo la asilimia 80 ya watu kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na ni jambo jema. Kuogea ni bajeti nyingine, fanya hesabu mapema.

Kazi ikiisha usimlipe fundi yote kabla ya jaribio. Funga madirisha na milango, washa hita, acha maji ya moto yatiririke dakika tano. Kisha washa udi, usogeze karibu na tundu la juu ya hita, pale bomba linapoanzia. Moshi wa udi ukivutwa kuingia, bomba linavuta. Ukisukumwa kuja usoni kwako, bomba halifanyi kazi. Zima, rudini kwenye ngazi. Angalia na moto wenyewe, unatakiwa kuwa bluu, umetulia. Njano, masizi ukutani au dirisha linalotiririka maji muda wote ni dalili kwamba moshi unabaki ndani. Kagua kila mwaka kabla ya kipupwe, kwa sababu ndege na nyuki hawajui kwamba lile ni bomba la moshi. Kwao ni nyumba iliyo tayari.

Kipo pia king'ora kidogo cha betri kinacholia kikinusa kaboni monoksidi. Hakipatikani kila duka, lakini ukiwa na ndugu anayetoka Dar es Salaam au Nairobi mwagize. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na kitundike karibu na mnapolala. Kile cha kunusa moshi wa moto ni kingine, kisikuchanganye.

Na hili liwaingie nyote, hata wasio na hita. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuisha nguvu, akili kuvurugika. Sisi tukisikia kichwa na kichefuchefu tunasema malaria, tunameza dawa na kurudi kulala chumba kile kile. Jiulize: mwili hauna homa? Tunaumwa wengi kwa pamoja? Tukitoka nje tunapata nafuu, tukirudi inaanza tena? Basi zimeni, tokeni wote nje, pigieni Zimamoto 114 ikiwa mtu ameanguka, na kimbilieni hospitali. Mkifika msiseme tu “kichwa kinauma.” Semeni “tulikuwa tunaoga kwa hita ya gesi,” kwa sababu kile kidude cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni iko sawa wakati damu imejaa kitu kingine. Anachohitaji mgonjwa ni oksijeni. Mjamzito apelekwe hata akisema amepona, maana mtoto tumboni anaumia zaidi ya mama na hawezi kusema.

Niliwahi kulala nyumba moja ya wageni, sitasema mji gani. Maji yalikuwa ya moto kweli, na hita iko kichwani pangu, bafuni, imefunikwa pazia la maua. Nilitoka nikiwa nimeshika ukuta. Nikajiambia ni uchovu wa safari. Kilichoniokoa ni kwamba kitasa cha mlango kilikuwa kibovu na mlango haukufunga vizuri. Nililalamikia kitasa kile asubuhi, mjinga mimi, badala ya kukishukuru.

Sasa mdogo wangu wa Gitting, vigae vyako. Bandika baada. Kwanza mkae na fundi nje ya nyumba, muutazame upepo, mchague ukuta, mtoboe tobo la bomba, mzibe pembeni yake kwa saruji, mfanye jaribio la udi. Ukuta ukishajua moshi unapita wapi, hapo mpambe mnavyotaka. Ukibandika kabla, utavunja vigae vipya, au utavionea huruma na kukubali hita ikae alipotaka fundi. Nawajua wadogo zangu, mngevionea huruma.

Msalimie mama mkwe. Na fundi mwongezee andazi moja, ana kazi ya kupanda juu ya bati.